Chupa Mezani pa Insop

Pyo Malsuk hakuwa na picha nyingine ya mumewe inayotembea ila moja. Za karatasi alikuwa nazo: ya harusi, ya kitambulisho cha mgodini, na ile iliyokuzwa kwa ajili ya mazishi, ambamo Tak Insop amekodoa macho kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Lakini picha ambamo Insop anageuza shingo, anatafuna, anacheka mpaka mabega yanatikisika, ilikuwa hiyo moja tu, na hata hiyo haikuwa yake. Ilikuwa mali ya watu wa televisheni.

Walifika Taebaek, mji wao wa migodi milimani, wakati wa baridi, miaka ile migodi ilipoanza kufungwa mmoja baada ya mwingine, wakapiga tamthilia ya familia za wachimbaji wa makaa ya mawe. Waigizaji wao walikuwa na mikono laini mno. Basi mwongozaji akaenda kusimama kwenye lango la mgodi zamu ilipotoka, akachagua wanaume wa kwenda kukaa mkahawani nyuma ya wahusika wakuu, wale nyama ya nguruwe na wasiseme neno. Insop alikuwa mmoja wao. Anaonekana meza ya nyuma, upande wa kushoto, kwa muda wa mtu kumenya kitunguu saumu. Anakunja kipande cha nyama ndani ya jani la saladi, anakitia mdomoni, mwenzake anamnong'oneza kitu, naye anacheka. Mbele ya wenzake kuna vikombe vidogo vya soju, ile pombe kali nyeupe. Mbele yake kuna kopo la bati lenye chai ya shayiri.

Hiyo chai ndiyo iliyokuwa na maana kwa Malsuk. Kabla ya hapo Insop alikuwa mlevi, wala si mlevi wa kuimba. Alikuwa mlevi wa kuvunja. Jioni moja alirusha koleo la makaa, likampata binti yao wa pekee, Yonju, juu ya jicho. Malsuk alimfunga mtoto kitambaa, na kulipokucha akampandisha treni mpaka mji wa Wonju kwa mama yake mdogo, na huko ndiko Yonju alikosomea na kukulia. Baada ya mtoto kuondoka, baba aliacha pombe. Aliiacha kweli, Malsuk akiona kwa macho yake, na haukupita muda mrefu paa la handaki likamshukia akiwa kazini, akili zake timamu. Yonju alirudi kumzika. Baba asiyenuka pombe hakuwahi kumwona, na wala hakuamini kwamba aliwahi kuwapo.

Kila mwaka Malsuk alimwambia aitafute ile tamthilia akamtazame. Kila mwaka Yonju alijibu kwamba kopo la bati halichagui cha kubeba. Kanda waliyokuwa nayo nyumbani ilikwisha kuliwa na ukungu, na mashine ya kuichezea ilikufa kabla yake, kwa hiyo ubishi wenyewe ulikuwa wa maneno matupu: mmoja anasema aliona, mwingine anasema hakuona.

Ndipo tamthilia ikarudi. Habari zililetwa na Mama Changho, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane wa mchimbaji naye, mkubwa kwa Malsuk kwa umri na kwa maneno. Mwanawe alikuwa amemlipia jukwaa la video la mtandaoni, kifurushi kile cha bei ya chini chenye matangazo, na huko kampuni ilikuwa imefufua tamthilia za zamani kwa mafungu. Malsuk aliacha banda lake la vitoweo sokoni, akafunika mabeseni ya kimchi, kabichi yake ya kuchachusha na pilipili, akaenda kukaa mbele ya televisheni ya jirani akiwa bado amevaa aproni.

Matangazo hayakuwa yale waliyoyazoea. Mchezo haukukatwa katikati ili mtu auziwe friji. Bidhaa zilikuwa ndani ya mchezo wenyewe, zimechorwa kwa kompyuta zikakaa rafuni, ukutani, mezani, zimepata kivuli chake na vumbi lake, utadhani zilikuwapo tangu siku ya kupiga picha. Nyuma ya mama mwenye mkahawa palikuwa na boksi la plasta za magoti, bluu kama anga, la aina ambayo enzi zile hata hospitali kuu haikuwa nayo.

"Wametugeuzia mkahawa duka la dawa," alisema Mama Changho. "Afadhali. Marehemu wangu magoti yalimsumbua kweli."

Wakacheka. Kisha Insop akatokea, akacheka naye, na Malsuk akaacha kucheka. Aliomba arudishiwe nyuma. Akaomba tena. Alipoomba picha isimamishwe ili amkazie macho, picha ilinywea ikakimbilia pembeni, na nafasi yake ikajaa tangazo la godoro. Hiyo nayo ilikuwa desturi mpya: ukisimamisha tu, wanakuuzia kitu. Basi ikabidi amtazame akipita, mara nyingi, mpaka Mama Changho akamwambia kwa upole kwamba atamchosha maiti wa watu.

Siku hiyo Malsuk alimpigia simu binti yake, akamwambia kwamba mwaka huu, kwa kumbukumbu ya baba, lazima aje.

Yonju alikuja. Alikuwa mwanamke wa makamo sasa, ameachika, hana mtoto, anapokea simu za wateja katika kampuni ya bima. Alishuka kwenye treni amekonda, koti limemzidi, anatafuna pipi za mnanaa moja baada ya nyingine. Malsuk alisema moyoni kwamba binti hali chakula vizuri, akamwekea wali mpaka bakuli likafura.

Jioni walitandika meza ya tambiko: samaki, mboga za mlimani, pea, ile picha ya mazishi ya mwenye macho makubwa. Mahali ambapo kila nyumba hummiminia marehemu pombe, Malsuk alimimina chai ya shayiri, kama alivyofanya miaka yote. Yonju aliinama pamoja naye, paji la uso sakafuni, akainuka. Walipokwisha kula, mama akamwomba afungue kishikwambi chake. Yonju alisema amechoka. Akasema mtandao wa hapa ni dhaifu. Akasema watatazama kesho. Malsuk hakuwa mtu wa kung'ang'ania, ila safari hiyo aling'ang'ania, na mwishowe Yonju akafungua, akakiegemeza kishikwambi kwenye sufuria ya wali, wakakaa bega kwa bega.

Mkahawa ukatokea. Theluji dirishani, moshi wa nyama. Malsuk alikuwa tayari ameinua kidole ili aonyeshe, na kidole hicho kikabaki hewani.

Mbele ya Insop palikuwa na chupa ya kijani ya soju. Imesimama wima, imetoa jasho la baridi, lebo yake imeelekea kwao. Ilikuwa imekaa mahali pa kopo la bati, na kopo halikuonekana. Insop alikunja nyama, akala, akacheka, na chupa yake mbele yake.

Malsuk aligeuka kumtazama binti yake. Yonju naye alikuwa akiitazama chupa, uso umemwiva.

"Chai ya shayiri," alisema Yonju. "Ndiyo hiyo?"

"Haikuwapo."

"Mama. Si tunaiona sote wawili?"

"Nimemtazama juzi juzi kwa Mama Changho. Haikuwapo."

"Ulitazama unachotaka kukiona. Miaka yote unatazama unachotaka." Alikifunga kishikwambi. "Alikuwa mlevi akafa mlevi. Mwache apumzike, na mimi niache nipumzike."

Aliondoka kulipopambazuka, kabla supu haijachemka.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Malsuk kuliko alivyotarajia. Ubishi wa mtu hakuuogopa, maana alikuwa ameuzoea. Kilichomtisha ni kwamba alianza kujibishia mwenyewe. Kwa Mama Changho alikuwa amekodolea uso tu. Je, meza aliitazama? Kopo la bati, aliliona juzi au alilikumbuka? Akiwa sokoni anakata figili alijikuta amesimama na kisu mkononi, akijaribu kumwona Insop wa majira yale, naye kila mara alikuja na chupa. Picha mpya ilikuwa imeifunika ya zamani. Akaanza kuwaza kwamba huenda mwanamke anayemsubiri mtu aache pombe kwa miaka mingi hufika mahali akamwachisha kichwani mwake mwenyewe.

Aliona haya kwenda tena kwa jirani. Mama Changho ndiye aliyemfuata, akamuuliza kama binti alifurahi, na Malsuk alipomaliza kueleza, mwanamke yule alimshika mkono akampeleka moja kwa moja mbele ya televisheni.

Meza ya nyuma, kushoto. Kopo la bati. Nyuma ya mama mwenye mkahawa, plasta za magoti. Chupa hakuna.

Walirudia wakaona yale yale. Mama Changho alivaa miwani akaanza kusoma maoni ya watazamaji yaliyoandikwa chini ya tamthilia, kwa sauti, kama anayesoma mahubiri. Watu walikuwa wakali. Mmoja alisema kwake wachimbaji wamewekewa kopo la chakula cha paka katikati ya nyama, naye kweli ana paka, nani aliwaambia? Mwingine alisema mkewe alitazama kwa simu yake akaona pete ya uchumba juu ya meza ya mwalimu mkuu, akamuuliza anamchumbia nani. Walioapa kuvunja mkataba walikuwa wengi, na wengi kati yao walikuwa wameapa hivyo hivyo chini ya sehemu iliyotangulia. Mama Changho alicheka mpaka miwani ikashuka puani. Kisha akafika kwa mwanamke aliyeandika kwamba mimba yake iliharibika tangu masika, lakini hadi leo kila chumba kwenye kila tamthilia kina kopo la maziwa ya mtoto, na ameandikia kampuni mara nyingi, na anaomba kama kuna mtu anayejua namna ya kuiambia mashine kwamba mtoto hayupo. Hapo aliacha kusoma.

Malsuk alipiga simu huduma kwa wateja pale pale kwa jirani, sauti ikitoka nje. Alisubiri muziki uishe, ukaanza upya, ukaisha. Aliyempokea alikuwa na sauti ya upole, ya kufundishwa, kama ya Yonju akiwa kazini. Malsuk alimweleza kwa mzunguko, kama wanavyoeleza watu wa umri wake: kwamba kuna marehemu, kwamba kuna meza, kwamba kwa jirani kuna hiki na kwa binti kuna kile.

"Ndivyo inavyofanya kazi, mama," alisema yule wa simu. "Bidhaa humfuata mtazamaji. Mfumo unaangalia anachonunua, anachotafuta, anachoagiza na chakula, ndipo unamchagulia. Akaunti mbili haziwezi kufanana."

"Kwa hiyo ile chupa si ya yule mtu aliyekaa mezani."

"Hapana, mama. Ni ya anayetazama."

Malsuk alishukuru, akainama kwa simu kama kwamba mtu yuko mbele yake. Kwa muda mfupi alijawa na furaha iliyomtoa machozi. Insop amesafishwa. Alimgeukia Mama Changho wafurahi pamoja, na akamkuta jirani yake ameinamisha kichwa, anakung'uta kitu kisichokuwapo kwenye sketi. Hapo ndipo Malsuk naye akasikia alichoambiwa.

Pipi za mnanaa. Koti lililozidi mwili. Namna Yonju alivyoshika kikombe kwa mikono yote miwili, si kwa adabu bali kisimwagike.

Alikwenda Wonju bila kutoa taarifa. Treni ilishuka mabondeni, theluji ikapungua, na njia nzima alijaribu kupanga maneno na kila alilolipanga lilikuwa limekwisha kutumika kwa Insop zamani, wala halikusaidia. Alifika adhuhuri, siku ya kazi. Aligonga akijua kwamba mlango usipofunguliwa atafurahi. Ulifunguliwa. Yonju alikuwa na nguo za kulalia, nywele zimegandamana upande mmoja, na harufu iliyotoka nyuma yake Malsuk aliitambua kabla hajavua viatu.

Aliambiwa kwamba kampuni ya bima ilimwachisha Yonju kazi tangu majani yalipoanza kuanguka. Aliambiwa ni mafua. Malsuk aliitikia kila kitu. Chumba kilikuwa safi, safi kupita kiasi, na barazani mifuko ya takataka ilikuwa imetengwa kama sheria inavyotaka, karatasi kwake, plastiki kwake, na mifuko ya chupa tupu ilikuwa mingi. Hakuitazama sana. Aliingia jikoni, akatoa kwenye mkoba wake machipukizi ya soya aliyotoka nayo bandani, akabandika maji.

Mikono yake ilikuwa haijapika supu ile ya kumzindua mlevi tangu ujane, lakini ilikumbuka: chumvi lini, kitunguu lini, kutofunua mfuniko. Aliiweka mbele ya binti yake. Yonju aliinusa, akaitazama muda mrefu.

"Unanipikia supu ya baba," alisema.

"Kula."

Alikula kidogo. 

"Kwa Mama Changho chupa haipo," alisema Malsuk. "Kuna plasta za magoti."

"Najua."

"Unajua nini?"

Yonju aliweka kijiko chini. "Najua si ya baba. Iko kila mahali, mama. Nikitazama tamthilia ya madaktari, iko mezani kwa daktari. Ya mahakamani, iko kando ya mafaili. Hata kwenye katuni. Tangu kiangazi inanifuata. Nilipoiona mbele ya baba, nikajua imenifuata hadi kwenu."

"Na bado ukasema ni mlevi."

"Uligeuka kunitazama. Ungeuliza. Nikaona heri umtazame yeye. Yeye ameshakufa, hatapungukiwa na kitu."

Malsuk alihisi hasira ikimpanda, hasira ya kumtetea maiti, na chini yake hofu ya kumpoteza aliye hai, na hakujua ipi aishike. Mwishowe alisema, kwa sauti ya chini, "Alipungukiwa. Wiki nzima sikumwona sawasawa hata kichwani mwangu. Hiyo ulininyang'anya, Yonju."

Yonju hakujitetea. Alilia kama watu wazima wanavyolia, bila kufunika uso. Alisema alijaribu kuiondoa ile chupa. Kuna mahali pa kubonyeza, pameandikwa kwamba tangazo hili hulipendi. Alibonyeza. Soju ikaondoka, ikaja bia. Akabonyeza, bia ikaondoka, ikaja dawa ya kuondoa uchovu wa pombe, chupa ndogo ya kahawia, kila meza. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mashine inamjua kuliko mtu yeyote aliye hai, na kwamba hata akiacha, itachukua muda mrefu kuamini.

"Alianzaje kuacha?" aliuliza baadaye, supu ikiwa imepoa. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Miaka yote alikuwa akikataa kwamba baba aliacha; hakuwahi kuuliza aliacha vipi. "Siku ya kwanza alifanya nini?"

Malsuk akamsimulia. Hakumsimulia picha ya mkahawani. Alimsimulia mtu aliyetetemeka chini ya mablanketi mpaka meno yakagongana, aliyeona wadudu ukutani na kuwapiga kwa kiatu, aliyemwomba mkewe amfungie mlango kisha akamtukana kwa kuufunga. Alisema alitapika mpaka maji matupu. Alisema baada ya hapo alikuwa mkimya kwa majuma, si mwema, mkimya tu, na kwamba hakuwahi kuthubutu kupanda treni kwenda Wonju kumwona mtoto, kwa sababu alisema hajui amshike wapi. Na alisema pia lile ambalo hakuwahi kulitia ndani ya hadithi: mwaka mpya wa kuandama kwa mwezi Insop alianguka, akanywa kutwa, akaamka kesho yake akaanza upya tangu mwanzo. Malsuk alilificha kwa sababu alikuwa wakili wa marehemu, na wakili hasemi yote.

"Kwa hiyo alikunywa," alisema Yonju.

"Alikunywa. Kisha akaacha tena. Alikufa akiwa ameacha."

Yonju alifikiri juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiri juu ya kopo la bati.

Malsuk hakurudi Taebaek wiki hiyo, wala iliyofuata. Alimpeleka binti yake hospitali, wakakaa foleni pamoja na wanaume wenye nyuso kama za Insop wa zamani. Yonju alilazwa, akatoka, akawa mzima kwa majuma, akapata kazi ya asubuhi kwenye kiwanda cha kufua mashuka. Masika alianguka. Akainuka. Mvua zilipoanza alianguka tena, vibaya, jirani akampata kwenye ngazi, na daktari akamwambia Malsuk kuhusu ini la Yonju maneno ambayo alilazimika kuomba ayarudie.

Wakati huo kampuni ya video ilikuwa imesikia malalamiko. Ilitoa tamko lenye maneno laini, ikasema inajali hisia za watazamaji, ikaleta kifurushi kipya cha bei ya juu ambacho ndani yake meza hubaki kama zilivyopigwa. Walionuna wakalipa, au wakazoea. Mama Changho alizoea. Alisema siku hizi plasta zisipokuwapo anaona nyumba ya watu imepungukiwa. Kisha akapiga simu siku nyingine, sauti yake haina mzaha, akasema ile tamthilia ya wachimbaji imeondolewa. Ameitafuta kote. Walioitazama walikuwa wachache mno, inaonekana, hata kwa kuwekewa bidhaa haikujilipa.

Malsuk alipokea simu hiyo kwenye korido ya hospitali. Alisema sawa, dada, akamwomba auze banda kwa yule mke wa muuza samaki aliyekuwa akilitaka, na mabeseni ya kimchi achukue mwenyewe.

Alihamia Wonju. Walilala sakafuni chumba kimoja, mama upande wa mlango. Televisheni Yonju aliigawa, na kishikwambi akakitia kabatini, akasema hawezi kutazama kitu chochote kwa sasa, hata habari. Jioni zao zilikuwa ndefu. Yonju alirudi kutoka kliniki au kutoka kufua mashuka, akala alichowekewa, akanyoosha miguu, na baadhi ya siku mikono yake ilitulia na baadhi haikutulia. Siku ambazo haikutulia, Malsuk aliketi ameegemea mlango, akimenya vitunguu saumu vya kesho, hakulala mpaka aliposikia pumzi ya binti yake imekuwa nzito.

Kuhusu ini, daktari alisema watajua baada ya baridi. Hakusema watajua nini, na Malsuk hakumuuliza.